Paka mzee na kauli ya "njaa ikimbana atakula"

Familia ikihama, paka ndiye wa mwisho kukumbukwa. Mtaani kwetu Dar es Salaam nimeyaona haya mara kadhaa tangu ofisi za serikali zianze kuhamia Dodoma. Kabati linapakiwa, friji inapakiwa, na paka wa miaka tisa au kumi anabaki barazani akiwalilia watu ambao hawapo tena. Majirani wanamhurumia, wanamtupia kichwa cha samaki, ila kumwingiza ndani hawataki. Ukiwauliza, jibu ni lile lile: angekuwa mdogo ningemchukua.

Hoja yao si ya kubezwa. Samaki mkunje angali mbichi. Paka mdogo utamzoesha chakula cha nyumba yako, pa kujisaidia, na kwamba meza si ya kupandwa. Paka mzee anakuja na desturi za kwingine. Maradhi sugu ya figo hukadiriwa kuwapata theluthi nzima au zaidi ya paka waliovuka miaka 10, vipimo vya damu vinalipiwa, na daktari wa mifugo mwenye vifaa vya kumpima paka humpati kila wilaya. Kisha kuna muda. Paka anayelala ndani mara nyingi hufika miaka 14 au 15, kwa hiyo ukimchukua akiwa na 10 umechukua miaka michache, na ya mwisho huenda ikawa ya kuuguza. Mzazi anayewafikiria wanawe siku paka atakapokufa hana ubaya.

Hayo yote nayakubali. Lakini lalamiko ninalolisikia kuliko mengine silo la figo wala la kifo. Ni hili: "Paka mzee anaringa, hali chakula chetu." Na dawa yake kila mtu anayo mdomoni: mwache, njaa ikimbana atakula.

Kwa mbwa kauli hiyo mara nyingi haina madhara makubwa. Kwa paka inaua. Mwili wa paka umeumbwa kuendeshwa na nyama. Asipokula kwa siku mbili tatu, huanza kuyavuta mafuta ya mwili na kuyapeleka kwenye ini, na ini la paka halina uwezo wa kuyachakata kwa kasi hiyo. Mafuta hujazana humo mpaka ini lishindwe kazi. Hapo macho na ufizi huanza kuwa manjano, na hata ukimwekea chakula anachokipenda hali tena, maana sasa kichefuchefu ndicho kinachomzuia. Paka mnene ndiye anayeathirika upesi zaidi, yule yule tunayemtazama na kusema ana akiba ya kutosha. Asipotibiwa, kwa kulishwa kwa mrija siku nyingi, hufa. Kisha tunasema alikufa kwa majonzi ya kuachwa, au kwa uzee.

Nalirudia jambo hili kila ninapozungumza na watu wa paka, kwa sababu nilikaribia kulitenda mwenyewe. Chausiku alikuwa na miaka 11 jirani yetu alipohama akaniachia. Siku ya kwanza alijificha uvunguni. Nilimwekea ugali na dagaa, hakugusa. Siku ya pili hakugusa. Shangazi yangu, mtu aliyefuga mbuzi na mbwa maisha yake yote, akaniambia nisimdekeze. Usiku huo nikampigia simu jirani kumuuliza tu, huyu alikuwa anakula nini? Kumbe alikuwa akipewa samaki wa soko la Feri aliyechemshwa bila chumvi, wa vuguvugu, juu ya mfuniko wa sufuria, nyuma ya jiko ambako hapiti mtu. Nilifanya hivyo hivyo. Alikula kabla ya alfajiri.

Tangu hapo sijamwona paka mzee "anayeringa" bila sababu. Kwa kawaida meno yanamuuma, pua imepungua nguvu, au chakula ni cha baridi kutoka frijini na hakina harufu ya kumwita. Paka hatambui hata ladha ya sukari, harufu ndiyo inayomfungua hamu. Ukikipasha moto chakula kidogo, kikakaribia joto la mwili, wengi wanaosusa hula. Na kubadilisha chakula kunataka siku saba hadi kumi: uanze na kile alichokizoea, uchanganye robo ya kipya, kisha nusu, huku ukimtazama.

Lipo kosa lingine linalotokana na huruma, nalo ni kumdhania paka mzee kama babu asiye na meno: apewe kidogo, kilaini, ugali mwingi na mchuzi. Mambo ni kinyume. Tafiti za usagaji chakula zimeonyesha kwamba karibu theluthi ya paka waliozidi miaka 12 hawasagi mafuta vizuri, na mmoja katika watano waliozidi miaka 14 hasagi protini ipasavyo. Tafakari maana yake sahanini. Chakula kile kile kilichomtosha akiwa na miaka sita sasa kinapita tumboni, na sehemu yake inatoka bila kumfaa. Anakula, tunamwona anakula, na bado anakonda. Paka wa kilo 4 akipoteza gramu 400, ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7, na chini ya manyoya hilo halionekani. Mimi hupanda mzani nikiwa nimempakata, kisha peke yangu, halafu natoa. Kwa mzani wa nyumbani si hesabu ya gramu kamili, ila kila mwezi inaniambia anaelekea wapi. Na akila sana huku anakonda, asiachwe kwa kisingizio cha umri: huenda ni tezi ya shingoni au kisukari, na vyote viwili vina tiba.

Wapo wanaosema nyama nyingi itamuua kwa figo. Kwa paka aliyepimwa akakutwa na maradhi hayo, kweli chakula hubadilishwa, hasa kupunguza madini ya fosforasi, na hapo dagaa, ambao huliwa pamoja na mifupa yao yenye madini hayo, hawamfai. Lakini kumnyima nyama paka ambaye hajapimwa, kwa kuwa tu amezeeka, ni kumkondesha misuli. Anachohitaji kila mzee wao ni maji, kama mililita 200 kwa siku kwa paka wa kilo 4, na chakula kikavu cha pakiti kina maji asilimia 10 tu. Supu ya kuku isiyo na kitunguu wala chumvi husaidia sana. Usiimwage hata hivyo, kwa sababu taurini, kirutubisho ambacho tangu 1987 inajulikana kwamba upungufu wake hudhoofisha moyo wa paka, huchujukia kwenye maji ya kuchemshia.

Gharama? Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kalori 200 hadi 240 kwa siku. Mioyo ya kuku kutoka buchani ikichanganywa na chakula cha pakiti au kopo kilichokamilika, ili apate na kalsiamu ambayo nyama tupu haina, inafikisha kiwango hicho. Si bure, na familia inayohesabu kila shilingi ina haki ya kusema haiwezi. Ila isiseme paka mzee hawezi kuzoeshwa.

Ningependa anayehama alipe sehemu ya deni lake kwa paka anayemwacha. Amkabidhi paka pamoja na sahani yake, chakula cha wiki mbili, na karatasi yenye mistari mitatu: anakula nini, saa ngapi, wapi. Chausiku ana miaka 14 sasa. Anakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo, bado juu ya mfuniko wa sufuria, na mwezi uliopita mzani ulisoma kilo 3 na nusu.