Dakika za mwindaji hupotelea wapi?

Wachezaji wa Monster Hunter: World, gemu ya Capcom ya kuwinda madubwana iliyotoka Januari 2018, wana mjadala usiokwisha. Ukitaka kumwangusha dubwana kwa dakika chache, vazi lako zima ulipangie kushambulia, au ubakize nafasi ya stadi za kukulinda? Wa upande wa kwanza wanaona kila kito (kijiwe cha ustadi kinachopachikwa kwenye vazi) kisichoongeza nguvu ya pigo ni nafasi iliyotupwa. Wa pili wanajibu kwamba aliyezimia hapigi. Mimi nawaunga mkono hawa wa pili, angalau kwa wachezaji walio wengi, lakini wa kwanza wana hoja nzito ambayo mara nyingi haijibiwi.

Hesabu yao ni ya kweli. Kwa kawaida pigo kali (critical hit), ambalo hutokea kwa bahati, huongeza madhara kwa asilimia 25. Ukifikisha Critical Boost, ustadi wa kuzidisha pigo kali, kiwango cha 3, nyongeza hiyo hupanda hadi asilimia 40. Sasa chukua wawindaji wawili. Wa kwanza, mapigo 40 katika kila 100 ni makali: bila Critical Boost wastani wake ni mara 1.10 ya nguvu zake, akiwa nayo ni 1.16. Amefaidika asilimia 5 na kidogo. Wa pili, kila pigo lake ni kali: anatoka 1.25 hadi 1.40, faida ya asilimia 12. Ustadi ni ule ule, vito ni vile vile, ila mmoja anavuna zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Ndiyo maana wapenda mashambulizi hawakubali kuchanganya. Seti yao huanza kulipa vizuri inapokuwa kamili, na ukichomoa kipande kimoja ili uweke cha kujilinda, vilivyobaki navyo vinapungua thamani.

Hoja yao nzito zaidi ni nyingine. Dubwana ana kikomo cha madhara katika kila kiungo. Kikomo cha mguu kikifika, anaanguka. Cha kichwa kikifika, anayumba au pembe inavunjika. Mwenye mapigo mazito anafikia vikomo hivyo mapema, na kila anguko linampa sekunde za kupiga bila kupigwa. Kwa hiyo nguvu ya pigo yenyewe ni ulinzi wa aina fulani. Tena pambano fupi lina nafasi chache za kuumia. Anayejaza vazi lake Health Boost (afya ya ziada) na Divine Blessing (hupunguza madhara kwa bahati) anaweza kujikuta amerefusha pambano mpaka akahitaji ulinzi aliouongeza.

Tatizo langu na hesabu hii ni kwamba inategemea mkono ambao wengi bado hawana. Angalia Weakness Exploit, ustadi ambao karibu kila seti ya mashambulizi imejengwa juu yake. Katika gemu ya awali, kiwango cha 3 kilitoa asilimia 50 ya uwezekano wa pigo kali, ila kwa sharti kwamba unapiga sehemu laini ya mwili. Iceborne, nyongeza iliyotoka Septemba 2019, ikakaza sharti hilo: asilimia 30 kwa sehemu laini, na 50 pale tu ulipokwisha kuijeruhi kwa ile ndoano ya mkononi. Mchezaji anayemwogopa dubwana kama Diablos na kubaki miguuni pake, akipiga popote upanga unapofika, hapati ile asilimia 50 aliyoisoma kwenye orodha. Peak Performance ni hivyo hivyo. Inaongeza nguvu afya yako ikiwa imejaa, basi, na mkwaruzo mmoja unaizima.

Sasa tuipime kwa saa. Tuseme uwindaji wako ni wa dakika 20. Asilimia 12 nzima ya madhara, ikifanya kazi kila sekunde, itakuokolea dakika mbili hivi. Kuzimia mara moja kunazila karibu zote. Unarudishwa kambini kwa mkokoteni wa paka, unakimbia tena hadi aliko dubwana, na afya ya ziada uliyoipata kwa mlo imepotea, kwa hiyo unarudi vitani ukiwa dhaifu kuliko ulivyoondoka. Hapo bado hatujahesabu dawa ulizokunywa kwa kujificha nyuma ya mwamba, wala kunoa silaha, wala kumfuata akihama eneo. Health Boost ya kiwango cha 3 inaongeza afya 50. Kwa mtu ambaye pigo moja kubwa linamlaza, hizo 50 ndizo tofauti ya kuinuka na kuendelea kupiga.

Earplugs ya kiwango cha 5, inayokukinga na ngurumo za dubwana, ni mfano ninaoupenda, kwa sababu haikai upande wowote. Inaitwa ya kujilinda, lakini anayetumia upanga mkubwa anaweza kuendelea kuchaji pigo lake dubwana anaponguruma, wakati wenzake wameziba masikio. Kwake huo ni ustadi wa kushambulia. Aliyekwisha kujua kubiringika katikati ya ngurumo haihitaji.

Kuna pia dakika ambazo hazihusiani na seti hata kidogo. Dubwana akianza kuchechemea, mtego mmoja na mabomu mawili ya usingizi humaliza kazi papo hapo, ila kwa majoka wakongwe kama Nergigante na Teostra, ambao hawatekwi. Asiyeteka anamfuata hadi kwenye pango lake na kupigana upya. Nashangaa watu wanaohangaika miezi kutafuta kito kimoja huku mitego imelala mkobani.

Ninachokataa kabisa ni seti ya mashambulizi matupu katika kundi la watu usiowajua. Misheni nyingi zinaruhusu kuzimia mara tatu, na hizo tatu ni za kundi zima. Ukiwa peke yako, kujaribu seti hatari ni njia nzuri ya kujifunza, kwa sababu kila kosa linaonekana waziwazi; afya ya 200 hulificha kosa hilo mpaka ukutane na adui mkali zaidi. Ukiwa na watatu wengine, kosa lako linawagharimu zawadi na muda wao.

Katika Monster Hunter Wilds, iliyotoka Februari 2025, Capcom wamehamishia Attack Boost (nguvu ya pigo), Critical Eye (uwezekano wa pigo kali) na Critical Boost kwenye silaha, na stadi nyingi za kujilinda zikabaki kwenye deraya. Huwezi tena kuacha Critical Boost ili upate Divine Blessing. Lakini Weakness Exploit na Agitator (huongeza nguvu dubwana akikasirika) zimebaki kwenye deraya pamoja na hizo za kujilinda, na hapo ndipo mwindaji bado analazimika kuchagua.