Albamu za Roki Mbadala za Miaka ya Tisini: Kupanga au Kutopanga?

Mwaka 2003, jarida la Marekani la Rolling Stone lilipochapisha orodha ya albamu 500 bora za nyakati zote, Exile in Guyville ya mwanamuziki Liz Phair iliambulia nafasi ya 328, na Live Through This ya bendi ya Hole ikatupwa mkiani, nafasi ya 466. Kura zilipopigwa upya mwaka 2020, ya kwanza ilipanda hadi nafasi ya 56 na ya pili hadi 106. Albamu hizo, zilizotoka mwaka 1993 na 1994, hazikuongezewa hata noti moja. Kilichobadilika ni wapiga kura.

Wanaopinga zoezi zima la kupanga albamu za roki mbadala (alternative rock) za miaka ya tisini hawahitaji ushahidi zaidi ya huo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kila jopo hupanga kwa masikio ya umri wake. Isitoshe, wanauliza, Nevermind ya bendi ya Nirvana na Loveless ya bendi ya My Bloody Valentine, zote za mwaka 1991, zitapimwaje kwa mizani moja? Ya kwanza iliing'oa Dangerous ya Michael Jackson kileleni mwa chati ya Marekani Januari 1992. Ya pili haikukaribia mauzo hayo, lakini ndani yake Kevin Shields, mpiga gitaa wa bendi hiyo, anapiga gitaa huku ameshikilia ule mkono wa chuma unaokaza na kulegeza nyuzi, kiasi kwamba sauti inayumba kabla msikilizaji hajaizoea.

Hoja hiyo naikubali nusu tu. Wahakiki waliopiga kura ya kila mwaka ya gazeti la Village Voice la New York waliziweka albamu za Phair na Hole namba moja, kila moja katika mwaka wake. Kwa hiyo orodha ya 2020 haikuzipa heshima mpya, bali ilizirudishia iliyopotea njiani. Pasipo orodha za kubishaniwa, kumbukumbu ingebaki mikononi mwa mauzo na redio. Kinachokera ni orodha isiyotaja kigezo.

Changu ni namna albamu inavyostahimili kusikilizwa tena na tena, wala si athari yake sokoni, na kwa kigezo hicho naiweka In Utero juu ya Nevermind, ingawa zote ni za Nirvana. Katika uchanganyaji wa sauti, fundi Andy Wallace aliing'arisha Nevermind ikafaa redioni. In Utero ilirekodiwa na fundi wa sauti Steve Albini Februari 1993 kwa takriban wiki mbili, na ngoma za Dave Grohl, mpiga ngoma wa Nirvana, zinasikika pamoja na mwangwi wa chumba chenyewe. Mpinzani atanikumbusha kwamba hata hiyo ilipigwa msasa, kwa kuwa mtayarishaji Scott Litt alichanganya upya nyimbo zake mbili, Heart-Shaped Box na All Apologies. Ni kweli, ila kura yangu naipigia nyimbo za Scentless Apprentice na Milk It, ambazo Litt hakuzigusa.