Msasa Umekula Taji

Mwaka juzi wakati wa kiangazi, mpwa wangu aliteremka kwenye basi la Mpwapwa na kiroba kilichofungwa kwa kamba ya katani. Akanikuta kibandani kwangu jirani na Soko la Majengo, hapa Dodoma, nimeinamia cherehani ya mama mmoja ambaye tangu asubuhi alishanipigia simu mara tatu.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuletea chuma chako."

Kufungua matambara, bastola. Imekauka kama mjusi aliyefia juani, kutu imeivaa mpaka huwezi kuitofautisha na udongo wa kwao. Walikuwa wanachimba shimo la choo, sururu ikagonga kitu.

Kabla ya yote nilimgombeza. Bastola haipandi basi, hata iwe imeoza. Ndani yake inaweza kuwa imelala risasi ya miaka mia, na baruti haina habari kwamba mwenyewe alishakufa. Kitu kama hicho huachwa palepale kilipoonekana, anaitwa mtendaji wa kijiji, naye anaita polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina kifungu cha mjomba anayependa vitu vya kale. Kijana akanywea. Nikaosha mikono nivae shati tuongozane kituoni. Ila niseme ukweli: kabla ya shati nilivuta lenzi yangu ya kutengenezea saa. Nikajipa dakika ishirini, mdomo wa bastola ukitazama ukutani, nyundo yake siigusi.

Maana huo ndio ugonjwa wangu. Nakusanya bastola za mtutu mfupi za karne ya 19, na sina hata moja. Nilicho nacho ni madaftari manne ya michoro ya penseli, vipimo na picha. Wenzangu wa kijiweni huniuliza kwa nini nisikusanye stempu kama watu wenye akili. Jibu langu ni la kifundi. Fungua cherehani ya zamani, kisha tazama mchoro wa ndani wa bastola ya silinda, lile gurudumu linaloshika risasi, utaona ni watu wa ukoo mmoja: springi bapa, kidole cha chuma kinachosukuma gurudumu hatua moja na kurudi, skrubu ndogo ambazo ukipoteza moja kazi imelala. Remington wa Marekani, watengeneza bunduki, miaka ya 1870 walitengeneza na cherehani pia. Sasa bastola ndefu humpa fundi nafasi ya kujinyoosha. Fupi inambana: iingie mfukoni mwa koti, ibebe risasi nene, isinase kwenye kitambaa wakati wa kutolewa. Hapo ndipo unapomjua nani fundi na nani msaidizi wa fundi.

Mama yao zote, kwangu mimi, ni British Bull Dog, ambayo kampuni ya Webley ya Birmingham iliitoa mwaka 1872. Mtutu wa inchi mbili na nusu, silinda ya matundu matano, risasi ya kama milimita 11. Ilipendwa mno hata viwanda vya Ubelgiji, Hispania, Ufaransa na Marekani vikaiga, vingine bila kuona haya ya kubadilisha jina. Ndiyo aina aliyoitumia Charles Guiteau kumpiga risasi Rais James Garfield wa Marekani tarehe 2 Julai 1881. Inasimuliwa kwamba wakati wa kuinunua aliwaza jinsi itakavyopendeza siku moja kwenye makumbusho. Na kweli ikafika makumbusho ya Smithsonian ya hukohuko Marekani, ikapigwa picha, kisha ikapotea. Mpaka leo. Nikilikumbuka hilo, hasira zangu kwa yaliyonikuta mimi hupoa kidogo.

Turudi mezani. Silinda ilikuwa imeganda, kwa hiyo nilihesabu matundu kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Matano. Hapo Mjerumani akatoka kwenye hesabu. Kila chuma kinachookotwa Mpwapwa, Kilimatinde au Kondoa, watu husema "cha Mjerumani". Lakini bastola za jeshi lao, ile ndefu ya 1879 na mdogo wake wa 1883, zina matundu sita, kitako chenye pete ya kufungia kamba, na kikomeo cha usalama ubavuni. Hata huyo mdogo, mtutu wake unakaribia mara mbili ya huu. Yetu haikuwa na pete wala kikomeo. Mtutu niliupima kwa kalipa: milimita 63, pamoja na kutu yake. Hii haikuwa ya mtu wa gwaride. Ilikuwa ya mtu wa koti.

Na watu wa makoti Mpwapwa iliwaona wengi. Kabla ya reli, njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita pale. Watu walikunywa maji, wakapumzika, wakajiandaa kulivuka pori kavu la Marenga Mkali na kuingia Ugogo, ambako watemi walikuwa wanasubiri hongo yao, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa na shanga. Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Wamisionari wa CMS, Waanglikana kutoka Uingereza, wakaja mwaka 1876. Mwaka 1889 Bushiri akapashambulia, na mwaka huohuo Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akajenga boma. Nyuma ya majina hayo walikuwepo makarani, wanyapara wa misafara, wafanyabiashara wa pembe, wagonjwa walioachwa njiani. Sisemi bastola ya shimoni ilikuwa ya fulani. Nasema tungeweza kumkaribia.

Tungemkaribia kwa alama moja tu. Bastola zilizotengenezwa Liège, Ubelgiji, zilikuwa zikikaguliwa na kugongwa muhuri: umbo la yai lenye herufi E, L na G, na nyota chini yake. Mwaka 1893 wakaongeza taji juu ya yai. Yai tupu, basi chuma ni cha kabla ya hapo. Yai lenye taji, ni cha 1893 au baadaye. Kwa historia ya Mpwapwa, huo mwaka unasaidia kuwatenganisha watu wa misafara na watu wa boma.

Nikaishusha lenzi kwenye silinda, pole pole. Yai lilikuwepo! Nusu yake ya chini, nyota inaonekana, na kipande cha G. Juu yake chuma kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Hapa mlifanya nini?"

"Nilipiga msasa kidogo, mjomba. Nikaona isije ikakuchafua."

Ningemjibu nini? Alifanya vile kwa heshima. Taji kama lilikuwepo, liliondoka na heshima hiyo.

Wenzetu wa ng'ambo wenye fedha za kununua vitu hivi wanaujua ubaya wa msasa. Kwao kutu ya kweli ina bei kuliko mng'aro wa juzi. Lakini kwenye mtutu mfupi tamaa huwazidi nguvu. Chukua Colt ya mwaka 1873, bastola ya Kimarekani. Za kawaida zina mtutu wa inchi 4¾, 5½ au 7½. Chache sana zilitoka kiwandani Hartford zikiwa za inchi nne au pungufu, bila ile fimbo ya kusukumia nje maganda ya risasi. Wenyewe huziita za sherifu au za mwenye duka. Uadimu ukapandisha bei, bei ikaita misumeno. Mtu anachukua bastola ndefu, halali kabisa, iliyosalimika vita na mafuriko na wajukuu, anaikata. Ameua ya kweli apate ya uongo. Mjuzi huikagua fremu upande wa kulia: iliyozaliwa fupi haikutengenezewa kabisa mahali pa kukaa ile fimbo, iliyokatwa huwa na tundu lililozibwa. Hutazama na maandishi ya kiwanda juu ya mtutu, yamekaa sawa au yamekatwa mkia. Akibaki na shaka, anaziandikia kumbukumbu za Colt kwa namba ya bastola, aambiwe ilitoka kiwandani ikoje. Kwangu mimi, iliyokatwa zamani na mtu mwenye shida zake ina haki ya kuheshimiwa, mradi asije mtu akasema ilizaliwa hivyo. Iliyokatwa juzi kwa ajili ya mnada ni vyuma chakavu.

Kituoni, nisikokutaja, tulipokewa vizuri. Afande wa zamu akaandika kwenye daftari: bastola moja kuukuu, mbovu. Nikamwomba aongeze matundu matano na muhuri wa yai. Akacheka: "Mzee, hili si gazeti." Tukacheka wote. Miezi saba baadaye nilirudi kuuliza, nikaambiwa imeshakwenda kuteketezwa na magobore. Afande wa siku ile alikuwa amehamishwa.

Kuteketeza silaha sipingi. Gobore linaloua tembo na kumtisha mwenye duka usiku liyeyushwe leo, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 ya kudhibiti silaha ndogo tuliitia saini kwa sababu nzuri. Ninayoipinga ni pupa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Milango! Naipenda milango ya Bagamoyo kama mtu mwingine yeyote, lakini bastola ya 1880 imekaa katikati ya miaka hiyo miwili kama mtoto wa kambo, haina wa kuisemea mpaka Waziri mwenyewe aitangaze. Nami siombi hata sheria ibadilishwe. Naomba kabla tanuru halijawashwa, mtu mmoja wa mambo ya kale akae na ule mzigo nusu siku, apige picha, anakili alama. Ile moja inayostahili iharibiwe uwezo wa kufyatua, ikae nyuma ya kioo.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anasema bastola nyuma ya kioo itawafanya watoto waitamani. Namsikia. Ila minyororo ya watumwa nayo tumeiweka nyuma ya kioo, na sijaona mtoto aliyetoka pale akiililia.

Iliyobaki ya Mpwapwa ni mchoro wangu katika daftari la tatu, katikati ya hesabu za sindano na mikanda ya cherehani. Matundu matano, milimita 63, nusu yai. Sehemu ya juu ya yai nimeiacha wazi.

Wiki iliyopita mpwa wangu akapiga simu. Shimo la choo walilihamisha, nalo limegonga kitu. Kama bakuli la chuma, anasema, lina maandishi. Nikamwambia asiliguse, amwite mtendaji, apige picha kwa simu asubuhi jua likiwa upande. Kisha nikamuuliza ule msasa uko wapi.

"Upo ndani, mjomba."

"Huo ndio uupandishe basi."