Dogo aachiwe aende au timu ikaze? Tuongee hela za kuuza mchezaji hapa Dodoma

Kila dirisha la usajili likifunguliwa hapa Dodoma stori ni ileile. Straika au winga wetu wa Dodoma Jiji kafanya vizuri, timu ya Kariakoo, yaani Simba au Yanga, imepiga simu, viongozi wanasema "tunaongea nao", wiki mbili zinapita hakuna kilichosainiwa, na hapo ndo matusi yanaanza. Viongozi wana tamaa. Wanamzibia dogo riziki. Timu ya halmashauri inajifanya Barcelona. Alafu akiuzwa fasta, kesho yake matusi yanageuka, wameuza timu, wamekula hela, sasa tunashuka daraja. Yaani kiongozi wa timu ya mkoani akiuza mchezaji ni mwizi, asipouza ni mchawi.

Mi nitapita pande zote mbili, ila nisiwafiche, upande wa timu ndo naona hausikilizwi kabisa, hasa ule muda ambao inakaa mezani na kukaza bei.

Tuanze na dogo mwenyewe, maana hoja zake ni nzito na hazihitaji maelezo mengi. Mpira ni wa miaka michache, goti likienda limeenda. Mshahara wa Dodoma Jiji haufanani na wa Simba, Yanga au Azam, hilo halina mjadala. Na njia ya kwenda nje inaonekana kwa macho: Msuva alitoka Yanga kwenda Difaa El Jadida ya Morocco 2017, Miquissone alitoka Simba kwenda Al Ahly 2021, Chama mwaka huohuo akaenda RS Berkane, Mayele akatoka Yanga kwenda Pyramids 2023, Aziz Ki akaenda Wydad 2025. Wote wamepitia Kariakoo, wameonekana kwenye mechi za CAF, yale mashindano ya klabu za Afrika, Waarabu wakaja na mkoba. Sasa dogo anayecheza hapa uwanja wetu wa Jamhuri akiona orodha hiyo utamwambia nini? Avumilie? Ambundo naye alitoka hapahapa kwetu kwenda Yanga 2021, kwa hiyo hata wanaobaki wanajua njia ipo.

Kingine, mchezaji ukimshikilia kwa nguvu unabaki na mwili tu. Sakata la Fei Toto, kiungo wa Yanga wakati ule, wote tunalikumbuka. Desemba 2022 kaweka milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akiamini kavunja mkataba, Yanga wakazirudisha, kamati ya TFF, shirikisho letu la soka, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, na jambo likaburuzwa mpaka Juni 2023 Rais Samia alipowaambia Yanga walimalize, ndo akaenda Azam. Yanga kisheria walishinda. Ila nusu msimu mzima mchezaji wa kiwango kile hakucheza, nani alifaidi hapo?

Na kuna hoja moja ambayo kwa upande wa timu sina utetezi nayo. Kama timu haijalipa mishahara, isije mezani kuongea bei. Kanuni za FIFA ziko wazi, mshahara wa miezi miwili usipolipwa, mchezaji anaipa timu notisi ya siku 15, wasipolipa anavunja mkataba na anaondoka, sababu anayo. Kiongozi anayedaiwa na mchezaji alafu anamwita "mali ya klabu" mbele ya waandishi, huyo atukanwe tu, na mimi nitasaidia.

Haya, timu sasa.

Watu wanaongea kama vile timu ya mkoani ina visima vya mafuta. Dodoma Jiji imepanda Ligi Kuu 2020, ni timu ya halmashauri ya jiji, hakuna tajiri anayetoa hela mfukoni usiku timu ikikwama. Hela ya Azam ya kuonyesha mechi kwenye TV ipo, ule mkataba wa 2021 wa miaka kumi wa bilioni 225.6, lakini gawanya kwa miaka, gawanya kwa timu 16, toa basi la kwenda Kigoma na kurudi, toa hoteli, toa posho. Mlangoni nako, uwanja unajaa siku mbili kwa msimu na wote tunazijua siku hizo. Kwa hiyo kitu pekee ambacho timu kama hii inaweza kuuza kwa bei ya maana ni mchezaji. Kimoja au viwili kwa mwaka. Ukikosea bei hapo umekosea bajeti ya msimu mzima.

Na adui mkubwa wa bei ni kalenda. Mkataba wa mchezaji ukibakiza miezi sita, kanuni zinamruhusu kusaini na timu nyingine na mkataba ukiisha anaondoka bure, wewe unabaki na jezi yake. Mnunuzi wa Dar anajua hilo kuliko wewe. Timu yetu tunaiita Walima Zabibu, na kusema kweli jina limekaa, maana mkulima wa Hombolo au Mpunguzi anavuna mara mbili kwa mwaka, kama madirisha ya usajili vilevile, na zabibu ikishaiva haisubiri, dalali anajua huna pa kuihifadhi, anakuja jioni anakutajia bei yake, unakubali huku roho inauma. Mchezaji wa mkataba wa miezi saba ni zabibu ya jioni hiyo. Kwa hiyo mkiona viongozi wanahangaika kumuongezea dogo mkataba mwezi Septemba wakati hakuna aliyemuulizia, msicheke, hapo ndo bei inapangwa. Mwezi Juni mnaongea tu kilichobaki.

Sasa nije kwenye kitu kinachoninyima usingizi, asilimia.

Mashabiki wengi wanaamini kwamba dogo akienda Simba alafu akauzwa Misri, Dodoma itapata mgao kutoka FIFA. Ni kweli na sio kweli. Mgao wa mshikamano upo, ni asilimia 5 ya bei mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine mkataba wake ukiwa hai, na inagawanywa kwa timu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Miaka ya 12 mpaka 15 kila msimu ni robo asilimia. Kuanzia 16 mpaka 23 kila msimu ni nusu asilimia. Nusu asilimia inaonekana ndogo mpaka uizidishe na bei kubwa: Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020 kwa bei iliyotajwa ya pauni milioni 8.5, msimu mmoja wa malezi ulikuwa na thamani ya pauni 42,500. Msimu mmoja! Ndo maana nasema kila akademi ya Dodoma, hata ile ya vumbi kule Chang'ombe, iwe inasajili watoto kwenye mfumo wa TFF, maana usipokuwepo kwenye kumbukumbu za mchezaji hupati hata mia.

Ila angalia sasa wapi timu yetu inaumia. Sisi mara nyingi hatumlei mtoto kuanzia miaka 14, tunampata akiwa mkubwa. Chukua mfano, dogo kaja Dodoma ana miaka 20, kacheza misimu miwili, kaenda Dar, baadaye kauzwa Morocco kwa dola laki tano. Mgao wetu ni asilimia 1, dola 5,000, kwa dola ya shilingi 2,500 ni milioni 12 na nusu. Na kama alikuja kwetu ana miaka 24? Sifuri. Tumempa namba, tumemvumilia akikosa penalti, jina kalijengea Jamhuri, mgao sifuri. Alafu mauzo ya hapahapa nchini, Dodoma kwenda Kariakoo, huo mgao hauhusiki kabisa.

Sasa weka kipengele kimoja tu kwenye mkataba wa kumuuza: timu inayonunua ikimuuza mbele, Dodoma inapata asilimia 15. Dogo yuleyule, dola laki tano zilezile, tunapata dola 75,000. Hiyo ni zaidi ya milioni 187. Linganisha na milioni 12 na nusu, au na sifuri. Hicho ndo viongozi wanachogombania wakati nyie mnaandika "wamkazie dogo wa nini si wachukue hela waondoke". Na hapohapo kuna ujanja mwingine, asilimia 15 ya bei yote au ya faida? Ukikubali faida, mnunuzi ataanza kutoa gharama, wakala, mshahara, tiketi ya ndege, utashangaa mchezaji wa dola laki tano hana faida. Mazungumzo ya namna hii hayaishi kwa wiki moja, na yasipoisha haimaanishi kuna roho mbaya.

Wa upande wa pili watasema, na wana pointi, kwamba hiyo asilimia ni ndoto. Wachezaji wengi wanamaliza mikataba Kariakoo wanaondoka huru, na akiondoka huru asilimia 15 ya bure ni bure. Pia mnunuzi ukimwambia asilimia anashusha bei ya leo, na timu inadaiwa leo. Nakubali. Kwa mchezaji wa miaka 29 hata mimi ningesema sahau asilimia, chukua cash. Lakini kwa dogo wa miaka 21 anayefunga, kumuuza bila kipengele hicho ni uzembe, na uzembe huo hakuna shabiki anayeuona kwa sababu hauonekani mpaka miaka mitatu baadaye.

Halafu suala la kulipwa. Wakati mwingine bei imekubaliwa ila timu haitaki kutoa barua ya kumruhusu mchezaji mpaka hela iingie, mashabiki wanakasirika, "si wameshakubaliana?" Jamani, Simba walimuuza straika wao Okwi kwa Etoile du Sahel ya Tunisia 2013 kwa dola 300,000, hela haikuja, kesi ikaenda FIFA, na kabla mwaka haujaisha mchezaji mwenyewe alishatua Yanga. Hiyo ni Simba, timu yenye wanasheria na majina. Timu ya mkoani ikidanganywa itapata wapi nguvu za kufukuzana na mtu mpaka Zurich? Na hapa ndani tumeona la Lameck Lawi, beki wa Coastal Union ya Tanga, 2024, Simba wameshamtambulisha, Coastal Union wanasema hela haikuja ndani ya muda tuliokubaliana, biashara imekufa. Ikaenda kamati ya TFF, kelele zikawa nyingi, Coastal wakaitwa waswahili. Mi niliwaelewa sana. Tarehe iliyoandikwa kwenye makubaliano sio pambo, na timu ndogo ikiachia tarehe mara moja, kila mnunuzi ajaye atalipa anapojisikia.

Lingine tuliseme ingawa linauma. Nusu ya wanaolalamika kwamba Dodoma Jiji inamkazia dogo, hawalalamiki kama watu wa Dodoma. Nenda Jamhuri siku Simba au Yanga wamekuja. Wauza jezi pale nje wametundika za njano na kijani upande huu, nyekundu upande ule, zinapepea, na ya wenyeji imekunjwa chini kwenye mfuko, inatolewa ukiuliza. Sasa mtu huyo akisema "dogo aachiwe akapambane na maisha" anachomaanisha ni njoo kwetu, kwa bei nafuu, kabla ya Ngao ya Jamii, zile mechi za kufungua msimu. Sio dhambi kushabikia timu mbili, wengi wetu tumekulia humo, ila kwenye suala la bei ya mchezaji huwezi kuwa wakili wa muuzaji na wa mnunuzi kwa wakati mmoja.

Majirani zetu Singida wanajifunza kwa vitendo. Straika Sowah kaja Singida Black Stars Januari 2025, katikati ya mwaka huohuo yuko Simba. Mtu anaweza kusema wameuza haraka, mimi naona wameuza bei ikiwa juu, straika wa moto, soko linamtaka. Ni njia halali. Ila ile ni timu inayojaza nafasi fasta kwa wachezaji wa nje, sisi hatuna mfuko huo, kwa hiyo tukiuza straika Januari tunaweza tusipate wa kuziba mpaka Juni, na kati ya Januari na Juni ndo pointi za kubaki ligi kuu zinapotafutwa. Kwangu dirisha dogo, hilo la katikati ya msimu, ndo wakati mbaya zaidi wa kuuza, labda mnunuzi akubali kumuacha kwa mkopo mpaka msimu uishe au atoe wachezaji wawili wa kuanza, sio wale wa kumalizia mazoezi.

Kwa hiyo likija dirisha lijalo, na litakuja na jina, msimamo wangu uko hivi. Mkataba wa dogo umebaki mwaka mmoja na nusu kwenda juu, viongozi kazeni, kaeni hapo mpaka siku ya mwisho, sisi wengine tutawatetea. Umebaki chini ya mwaka na amekataa kuongeza, uzeni dirisha hilohilo kwa bei iliyopo ila asilimia isiachwe, hata ikiwa 10, na iandikwe ya bei yote. Na kabla hamjapokea simu ya kwanza kutoka Dar, mshahara wake wa mwezi huo uwe umeshaingia.