Los Angeles hadi Columbus, Dar hadi Mwanza: gari la viti viwili na barabara mbili tofauti

Tukikutana sisi tulio ughaibuni na mazungumzo yakafika kwenye barabara, tunasifia lami. Huku njia nne au sita, kwetu mbili, mjadala umefungwa. Naona tunapima kisichopaswa kupimwa. Mchukue mtu mmoja ndani ya gari la spoti la viti viwili, arudi kwake Columbus, Ohio, kutoka Los Angeles. Mwingine na gari la aina hiyo hiyo atoke Dar es Salaam kwenda kwao Mwanza. Hapo utaona kwamba barabara ya Marekani inamtunza dereva mradi gari linatembea, na barabara ya kwetu inamtunza aliyekwama. Maandalizi ya safari hizi mbili hayafanani, na wapo wanaorudi likizo wakaumia kwa kutolijua hilo.

Tuseme gari ni Mazda MX-5 ya kizazi kilichoanza 2015. Injini yake ya lita 2.0 haina turbo, tangi ni lita 45 na buti ni lita 130 tu, sawa na begi moja la ndege na mfuko wa vifaa. Kwenye barabara kuu inakunywa kama lita 7 kwa kilomita 100, kwa hiyo tangi lililojaa linakufikisha karibu kilomita 600. Ukiwa peke yako, jaza kila baada ya kilomita 400. Gari hili halina tairi la akiba. Kuna chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme, basi.

Kutoka Los Angeles unashika barabara kuu ya I-15 kupitia Las Vegas hadi Cove Fort, Utah, halafu I-70 moja kwa moja mpaka Columbus. Ni kama kilomita 3,600. Siku nne zinatosha kwa mwenye haraka, lakini kwa dereva mmoja siku tano ni salama zaidi. Jangwani California, mlima wa kutoka Baker una vibao vinavyowataka madereva wazime AC ili injini isichemke. Vitii, hata kama kulanti ni mpya.

Siku ya kwanza lala Richfield, Utah, usipite. Asubuhi jaza mafuta Salina, kwa sababu ukitoka pale hadi Green River ni kilomita 170 hivi zisizo na kituo cha mafuta, duka wala nyumba ya kulala. Huku, kwenye barabara kuu za kwenda mashariki, namba za njia za kutokea huhesabiwa kwa maili kuanzia mpaka wa magharibi wa jimbo, au pale barabara inapoanzia (majimbo machache tu hayafuati utaratibu huo). Salina ni 56, Green River inaanza 160. Toa moja kwa nyingine unapata maili 104, bila simu wala ramani. Kibao chenyewe kinakuonya kwamba hakuna huduma. Sehemu za kupumzikia zipo, zina choo na mandhari ya miamba mizuri ajabu, ila mafuta hakuna, na mtandao wa simu hukatika.

Pancha ya hapo ndiyo ya kuifikiria mapema. Tairi la 205/45 R17 lina ubavu wa sentimita 9 tu. Ukikanyaga kipande cha chuma kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, mpira hauna nafasi ya kubonyea, rimu inaubana na ubavu unapasuka. Gundi ya chupa inaziba tundu la msumari kwenye kashata, yaani sehemu inayokanyaga lami, haizibi ubavu uliochanika. Beba pia kamba za kuzibia, koleo, kipima upepo, na maji lita 4 yasiyo ya redieta. Upepo wa gari hili ni psi 29 mbele na nyuma, na upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Mchana wa Nevada utasoma 33 au zaidi. Usiutoe, kwa sababu usiku ukipoa utabaki na tairi laini, na tairi laini ndilo linalopasuka ubavu.

Uanachama wa kuvutiwa gari nao usomwe vizuri. Kwa AAA, chama cha madereva cha Marekani, ngazi ya chini kwa kawaida inakuvuta maili 5 tu. Katikati ya zile kilomita 170, maili 5 zinakutoa jangwani na kukuacha jangwani. Lipia ngazi inayokupa maili 100.

Colorado ina mambo mawili. Kwanza mafuta: Utah na Colorado bomba la bei ya chini huandikwa oktani 85, kwa desturi ya zamani ya nchi za juu. Injini hii inataka 91, kwa hiyo bonyeza kitufe cha bei ya juu ujilipie amani. Pili mlima. Njia ya chini kwa chini ya Eisenhower iko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na hapo injini isiyo na turbo imeshapoteza kama theluthi ya nguvu zake. Ikipanda kizito usidhani imeharibika. Kushuka kuelekea Denver, shusha gia mpaka ya tatu au ya nne na uiachie injini izuie. Aliyewahi kuwaona madereva wa malori wakiushuka mlima wa Kitonga kule Iringa hahitaji kuelezwa zaidi. Safari hii pia iwe kati ya Juni na Agosti, kwani kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei sheria ya pale inataka tairi za kufaa theluji au minyororo ndani ya gari, na matairi ya kiangazi hukakamaa nyuzijoto zikishuka chini ya 7.

Kansas ni kilomita 680 za upepo wa ubavuni na usingizi.

Sasa Dar hadi Mwanza, kilomita 1,150 hivi. Gari liwe la Japani, linakouzwa kwa jina la Roadster, usukani kulia. Usiwaze kusafirisha la Marekani: kwenye njia mbili, dereva aliyekaa kushoto hauoni mwisho wa lori mpaka ameshatokeza nusu ya gari upande wa wanaokuja. Huko ndiko watu wetu wanakofia, na hapa namwunga mkono anayeililia Marekani: ukuta au nyasi kati ya wanaokwenda na wanaorudi ni jambo la kulipigania kabla ya mwendo wowote.

Pancha haikutishi tena, fundi yupo kila kijiji. Gari likizima, kabla hujashuka kuna mtu ameshakata matawi na kuyapanga nyuma yako. Tairi zima la akiba beba hata hivyo, ulifunge mkanda kwenye kiti cha abiria.

Adui ni tuta. Tumbo la gari liko sentimita 13 hadi 14 tu kutoka chini. Punguza mpaka gia ya kwanza, lipande kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, achia breki kabla pua haijafika juu ili mbele isiinamie. Kwenye rasta, yale matuta madogo ya mfululizo, nenda taratibu na unyooshe usukani. Dumila, Gairo, Kibaigwa, kote ni kilomita 50 kwa saa, trafiki yupo na tochi ya kupima mwendo, na faini ni kwa kila kosa.

Kwa hiyo usihesabu saa za Utah. Kilomita 800 kule ni saa nane. Hapa, Dar hadi Singida ni kama 700 na zitakula saa kumi au kumi na moja. Lala Singida, ili mlima wa Sekenke uushuke asubuhi, breki zikiwa za baridi na macho yakiwa yameamka.