Gemu mbichi, bei ya mbivu

Mwaka 2021 nilinunua gemu ya uvuvi na ujenzi wa kisiwa ambayo ilikuwa haijakamilika. Nilijua haijakamilika, maana iliandikwa wazi juu ya kitufe cha kununulia. Nililipa dola 20, zaidi kidogo ya shilingi 46,000 kwa kiwango cha wakati ule, nikakesha nikiishusha kwa bando la usiku hapa Makorora, Tanga, na kwa wiki mbili nilifurahi kweli. Kisha apdeti zikaanza kuchelewa. Tatu zilikuja mwaka ule, moja mwaka uliofuata, halafu kimya. Bandari ya pili, ile iliyopambwa kwenye picha za tangazo, mpaka leo ni ukuta wa mawe ambao mashua haipiti.

Niliumia, na kwa muda mrefu nikamwambia kila mtu asiguse gemu mbichi. Aliyenibadilisha mawazo ni mjomba wangu, ambaye hajawahi kushika kompyuta.

Mjomba ana machungwa Muheza. Kule ni kawaida mnunuzi kuyanunua yakiwa machanga mtini. Anakuja, anatembea mti kwa mti, anakadiria, mnapatana, analipa. Kuanzia hapo mvua ikikataa au matunda yakipukutika, hasara ni yake. Kwa hiyo bei inakuwa chini sana kuliko ya siku ya kuvuna, na mkulima anaikubali kwa sababu ada ya mtoto haingoji machungwa yaive. Nilipomsimulia habari ya gemu yangu, alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza mawili tu.

"Shamba lenyewe ulilitembea?"

"Hapana, mjomba. Niliona picha."

"Na kakupunguzia kiasi gani?"

Hakunipunguzia kitu. Hapo ndipo nilipoona kosa lilipo. Kununua kitu kibichi ni biashara halali na ya zamani, ila ina masharti yake, na mimi sikuuliza hata sharti moja.

Angalia gemu ya Minecraft. Ilianza kuuzwa mwaka 2009, miaka miwili kabla ya toleo kamili la Novemba 2011, na bei ilipanda kadiri ilivyokomaa: karibu yuro 10 mwanzoni, 15 ilipofika hatua ya beta, yaani ya majaribio, 20 ilipokamilika. Aliyeingia mapema alibeba mashaka na akalipa nusu. Hiyo ni bei ya machungwa machanga. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ilipofungua Machi 2013 mpango wake wa Early Access, yaani wa kuuza gemu ambazo hazijakamilika, utaratibu huo wa kupunguza bei haukuwa lazima kwa mtu. Baldur's Gate 3 iliingia sokoni Oktoba 2020 kwa dola 60, bei kamili, ikiwa na sura ya kwanza tu ya hadithi. Iliiva vizuri mno Agosti 2023, nakubali. Lakini Kerbal Space Program 2 iliuzwa dola 50 mwanzoni mwa 2023, na mwaka uliofuata kazi ikasimama huku gemu ikiendelea kukaa dukani. Siku ya kulipa, wanunuzi wa gemu hizo mbili walikuwa na ahadi ileile mkononi.

Sisi wa huku tuna gharama nyingine ambayo wanaoandika kutoka Ulaya na Marekani huipita haraka: apdeti zinakula bando. Gemu iliyokamilika unaishusha mara moja, basi. Mbichi unaishusha, inarekebishwa, unashusha tena, inabadilishwa injini, yaani programu inayoiendesha, unashusha yote upya. Walioicheza Baldur's Gate 3 ikiwa changa walitakiwa kuiondoa kabisa kabla ya kuweka toleo kamili, linalodai nafasi ya GB 150, na michezo waliyokuwa wameihifadhi haikuendelea. Mwenye faiba nyumbani haoni tabu. Mimi ninayesubiri saa sita usiku nahesabu, na nadhani kila kijana wa Ngamiani mwenye kompyuta anahesabu vilevile.

Pamoja na hayo, siwezi kusema usinunue. Hades ilikuwa mbichi kuanzia Desemba 2018 hadi Septemba 2020, Factorio ilikaa hivyo kwenye Steam kuanzia 2016 hadi 2020, na Valheim, kazi ya kikundi cha watu watano Sweden, iliuza mamilioni katika wiki chache za mwanzo wa 2021. Zote zilikuwa na kitu kizima cha kucheza siku ile ya kwanza. Project Zomboid iliingia Early Access mwaka 2013, ikapita miaka kumi bado ina alama hiyo, na wanaoipenda hawana kinyongo, kwa sababu walichonunua walikipata palepale. Basi swali langu siku hizi ni moja: kama watengenezaji wakiacha kazi kesho asubuhi, kilichopo leo kinalingana na pesa yangu? Steam wenyewe wanawashauri watengenezaji wasiingie kwenye mpango huo kama hawawezi kumaliza bila kutegemea mauzo. Nawahurumia wadogo wanaouza mapema kwa njaa, kama ninavyomhurumia mjomba. Lakini mnunuzi wa mjomba anapunguziwa.

Kutembea shamba kunawezekana. Steam inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza saa mbili, na tangu mwanzoni mwa 2025 inaonyesha onyo kwenye gemu changa ambayo imepitisha zaidi ya mwaka bila apdeti. Onyo hilo lingeniokolea dola 20 kama ningenunua leo. Ningeshauri pia kusoma maoni ya mwezi huu, wala si yale ya siku ya uzinduzi, yaliyoandikwa na watu wenye furaha ya wiki mbili kama niliyokuwa nayo mimi.

Mdogo wangu anataka gemu ya kuendesha malori, mbichi, dola 18. Wana toleo la majaribio la bure. Nimemwambia alishushe usiku huu, acheze mpaka alimalize, na asubuhi anionyeshe tarehe ya apdeti ya mwisho. Akiniambia angeicheza hivyohivyo ilivyo, kadi yangu ataipata.