Dakika ya 83 betri ikalala

Jamani mi jana nimetukanwa mpaka wavuvi walioko majini wamesikia. Kosa langu betri.

Nina kibanda umiza hapa Kibirizi, juu ya mwalo, kiingilio jero. Nguzo za umeme zimeishia nyumba tatu kabla ya kwangu (usiniulize kwa nini, nimeuliza mpaka nimechoka) kwa hiyo TV inakula sola. Mchana betri inachaji mpaka inatoa mapovu kama sufuria ya maharage, jua la Kigoma tunalo la kumwaga, shida ni kwamba mpira hauchezwi saa sita mchana. Sasa jana dabi, watu 46, wengine wamekalia ndoo za dagaa, dakika ya 83, moja moja, kona imepigwa mpira uko hewani, inveta ikalia tiiii, kioo cheusi. Mpaka naandika hapa ule mpira bado uko hewani.

Asubuhi fundi kaja, kafungua vizibo, kachungulia, kacheka. "Kaka hii betri ya lori, kazi yake kupiga stata basi, we unaikamua na TV kila usiku mpaka inakauka, itaachaje kufa?" Halafu kauliza nani kaongeza maji. Shemeji yenu kaongeza. Ya ziwa. Eti Tanganyika maji yake masafi, unaona mpaka chini.

Nikaingia intaneti kuangalia wenzetu wanatunzaje umeme, hapo ndo presha ikapanda. Uingereza wana mlima! Uko Wales, Dinorwig, toka 1984, usiku umeme ukiwa wa bei chee wanapandisha maji bwawa la juu, ukihitajika wanayaachia yashuke yazungushe mitambo, ikishakuwa tayari imewekwa mkao sekunde 16 tu umeme huo. Na unajua wanauhitaji lini? Mpira ukiisha! Nchi nzima inainuka kuchemsha chai kwa mpigo. 1990 England walivyotolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti, matumizi yaliruka megawati 2,800, wakati Bwawa letu la Nyerere lote zima ni 2,115. Chai ya msiba hiyo.

Finland wao mchanga. Tani 100 wamejaza kwenye tenki pale Kankaanpää mwaka 2022, umeme ukizidi wanaupasha moto mpaka nyuzi 500 hivi, baridi ikija unawapashia majumba. Mchanga! Mi naukung'uta kwenye viatu kila jioni, bure. Morocco nao, Ouarzazate, vioo vinakusanya jua linayeyusha chumvi, giza likiingia ile chumvi bado ina moto wa kutengeneza mvuke wa kuzungusha mitambo. Chumvi yenyewe si ya mboga lakini, ni ya naitreti, bahati nimesoma mpaka mwisho maana shemeji yenu alishaanza kutafuta mtu wa kumwagiza gunia Uvinza.

Sasa hivi foleni iko mlangoni toka saa moja wanadai hela zao. Nimewapigia hesabu, jero kwa dakika 90, zilizobaki saba, kila mtu anadai shilingi 39. Wengi wamesonya wakaondoka. Kuna mzee mmoja kakaa kwenye ndoo yake anaisubiri 39 yake, anasema hana haraka, na mi chenji hiyo naitoa wapi.